Masinga Hatupimi Tope: hotuba kwa vyama vya watumia maji wa Tana

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, kina mama, vijana, na wenzangu wa idara za maji mliotoka Nyeri, Kirinyaga, Embu na Machakos, bila kuwasahau ndugu zetu waliosafiri usiku kucha kutoka Garissa: hamjambo nyote. Wenyeji wetu wa Murang'a, asanteni kwa chai na nduma. Hizo nduma nitazirudia baadaye, na sina hakika mtafurahi.

Nimeombwa nieleze mabwawa ya umeme yanavyohusiana na tope, mafuriko na maji ya mfereji. Nitaanza na kipimo. Pale Masinga, bwawa letu kubwa la umeme kwenye mto Tana, kina cha maji hufuatiliwa siku zote. Bwawa likijaa, kipimo husoma mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikizidi, namba hiyo inatangazwa redioni, magazeti yanaichapisha, na watu wa Garissa, huko chini ya mto, wanaanza kufunga mizigo. Sasa nauliza: kuna yeyote hapa aliyewahi kusikia redioni kwamba tope la Masinga limefika wapi? Hakuna. Maji tunayahesabu kila uchao, udongo hatuuhesabu, na gharama ya kutouhesabu inawaangukia watu ambao hawakuulizwa lolote. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Kwanza mnisaidie kukumbuka mpangilio wa mabwawa yenyewe, maana wengi wetu tunayajua kwa majina tu. Kindaruma lilitangulia, mwaka 1968. Likafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mkitazama ramani mtaona kwamba Masinga liko juu ya mengine yote ingawa lilijengwa la nne. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Mabwawa matatu ya kwanza yalikuwa na mitambo lakini hayakuwa na ghala. Mvua ikiisha, mto unapungua, nao umeme unapungua. Masinga lilijengwa liwe ghala la wenzake. Mitambo yake yenyewe ni midogo, megawati 40 tu, wakati Gitaru inatoa 225. Lakini tone la maji likitoka Masinga linazungusha mitambo ya Masinga, ya Kamburu, ya Gitaru, ya Kindaruma na ya Kiambere kabla halijaachiwa liende zake Garissa. Kwa hiyo thamani ya Masinga ni nafasi iliyo nyuma ya ukuta. Siku ya kwanza nafasi hiyo ilikuwa mita za ujazo zipatazo bilioni 1.5. Chochote kinachoila nafasi ile kinawala wote watano.

Na kuna kinachoila. Upimaji uliofanywa kama miaka thelathini baada ya ujenzi ulionyesha kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya ghala imekwisha kujaa udongo. Ukisema asilimia kumi mtu anaona ni kidogo, kwamba tisini zimebaki. Basi nipime kwa kitu mnachokijua. Bwawa la Ndakaini, lile linalolisha Nairobi, linabeba mita za ujazo milioni 70. Nafasi iliyopotea Masinga inazidi Ndakaini mbili. Mabwawa mawili makubwa, tumeyafukia, na hakuna aliyeitisha hata mkutano wa matanga.

Hapa mezani nimeweka chupa mbili. Yule kijana wa mbele, tafadhali zitikise, kisha uziweke chini uziache. Zote ni maji ya mto Maragua, mto ule ule, ila moja nimeichota kiangazi na nyingine asubuhi moja baada ya mvua. Hiyo ya mvua itazameni kwa makini. Mchanga umeshatua, hata sentensi yangu haijaisha. Sasa unafuata udongo laini kidogo, unajipanga juu ya mchanga kwa mstari unaoonekana. Lakini hapo juu maji bado ni mekundu, na yatakuwa mekundu hivyo hivyo hadi tutakapokula chakula cha mchana, na nadhani hata jioni. Huo ni mfinyanzi. Chembe zake ni ndogo mno kiasi kwamba uzito wake hautoshi kuzizamisha haraka.

Mto unaoingia bwawani hufanya hayo hayo. Ukiwa kwenye mteremko una nguvu, unabeba kila kitu. Ukifika pale maji yalipotulia unapoteza mwendo na kuangusha mzigo. Mchanga na changarawe huanguka palepale mlangoni, ambako mito ya Tana na Thika inaingia Masinga. Laini husogea mbele kidogo. Mfinyanzi husafiri hadi karibu na ukuta, na sehemu yake hupita kabisa kwenda Kamburu. Na Kamburu nalo lina mto wake wa pembeni, Thiba, unaoteremka kutoka upande wa Mwea na kuleta udongo ambao haukupitia Masinga hata kidogo.

Wahandisi wa zamani waliacha nafasi chini kabisa ya bwawa, chini ya mdomo wa kuingizia maji mitamboni, wakasema hiyo ni ya tope. Nafasi mfu, tunaiita. Hesabu inaonekana nzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba chupa haikubaliani nayo. Mchanga haungoji ufike chini ukutani. Unatua juu, kwenye mkia wa bwawa, ndani ya nafasi hai, yaani maji yale yale tunayotegemea kwa umeme. Tope linakula ghala kuanzia pande zote mbili.

Na likishatua pale mkiani linafanya jambo jingine ambalo watu wa juu hawalitarajii. Kitako cha mto kinapanda. Mto uliokuwa na kina cha kutosha unakuwa bapa, unajigawa vijito, na mvua ya kawaida inatosha kuutoa nje ya kingo zake. Yaani bwawa linaweza kuleta mafuriko juu yake lenyewe, kwa watu ambao hawakuwahi kuhamishwa kwa sababu ramani ilisema maji hayatawafikia.

Mfano mkubwa kuliko wote uko China. Kwenye Mto Manjano, ambao wenyewe wanauita Huang He, walijenga bwawa la Sanmenxia kwa usanifu wa wataalamu wa Kisovieti, likaanza kushika maji Septemba 1960. Mto ule wakati huo ulibeba udongo kuliko karibu mto wowote duniani. Profesa mmoja wa uhandisi, Huang Wanli, alikuwa amekwisha onya kwamba tope litarudi nyuma na kuumiza watu wa juu. Hakusikilizwa, akaishia kuadhibiwa kisiasa. Bwawa halijatimiza miaka miwili, kitako cha mto pale Tongguan, mahali ambapo mto Wei unakutana na Huang He, kilikuwa kimepanda zaidi ya mita 4. Mto Wei ukakosa pa kwenda. Maji na chumvi ya ardhini vikaanza kuharibu mashamba ya bonde lake, na jiji la Xi'an, lililo mbali kabisa na ukuta, likawa hatarini. Ikabidi watoboe upya mashimo ya chini ya ukuta waliyokuwa wameyaziba kwa saruji, wachimbe mahandaki ya kupitishia tope, na waridhike na umeme kidogo sana kuliko ule walioupanga.

Tana si Mto Manjano, na simtishi mtu. Masinga halijafika huko. Ninachotaka mkione ni kwamba serikali yenye nguvu namna ile, yenye wahandisi wa kutosha, iliona tope pale tu mto ulipokwisha kupanda, kwa sababu mtu aliyelihesabu mapema alinyamazishwa.

Sasa tushuke Garissa.

Ndugu zangu wa huko, najua mnavyosema: "Wamefungua bwawa, wametuzamisha." Nitasema ukweli wote, hata sehemu ambayo hamtaipenda. Tana ilifurika kabla ya bwawa lolote. Wazee wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961, na wakati ule hapakuwa na Kindaruma wala Masinga. Pili, chini ya Kiambere kuna mito inayoingia Tana bila kupita bwawa lolote: Mutonga, Kathita, Ura, yote ikitoka Mlima Kenya na Nyambene. Mvua ikinyesha sana Meru na Tharaka, Garissa inapata maji hata kama Masinga ni jangwa. Siku Masinga linapojaa na kumwaga huku mito hiyo nayo imejaa, maji yanakutana, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kama tulivyoona mwaka 2018, tena mwishoni mwa 2023, tena Aprili na Mei 2024. Barabara ya Garissa hadi Madogo ikakatika, watu wakawa wanavuka kwa mashua, na mwishoni mwa Aprili 2024 mashua moja ikapinduka, watu wakafa. Kipindupindu kikafuata Tana River.

Lakini mabwawa nayo hayawezi kunawa mikono. Bwawa la umeme na bwawa la kuzuia mafuriko ni mali ya nia mbili zinazopingana. Anayeuza umeme anataka bwawa limejaa, maana kila mita ya maji ni pesa. Anayezuia mafuriko anataka bwawa liwe na nafasi tupu mvua inapoanza. Masinga lilijengwa na wa kwanza. Na hapa Kenya mwenye bwawa ana sababu ya kuogopa kulipunguza: mwaka 2009 maji yalishuka hadi mitambo ya Masinga ikazimwa, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mtu aliyepitia mwaka ule hatakubali kwa urahisi kumwambia bosi wake kwamba amwage maji mwezi Machi kwa kutarajia mvua ya Aprili.

Tope linaingia katikati ya ubishi huo. Nafasi iliyopotea ni nafasi ambayo ingemeza sehemu ya wimbi la kwanza. Ghala likipungua, linajaa mapema zaidi katika msimu, linaanza kumwaga mapema zaidi, na linamwaga kwa siku nyingi zaidi. Na upande wa ukame ni vivyo hivyo: linakauka mapema. Bwawa lenye tope linakuwa baya kwa mafuriko na baya kwa kiangazi kwa wakati mmoja. Watu wa Kitui wanaokunywa maji ya bomba kutoka Masinga, na watu wa Mwingi wanaoyapata kutoka Kiambere, wako kwenye hesabu hiyo hiyo, ila bili yao haiwaambii.

Maji yanayotoka chini ya ukuta nayo yana mambo yake. Yameacha mzigo bwawani, yana nguvu ya kubeba na hayana cha kubeba. Basi yanachukua kingo za mto. Wakulima wa kando ya Tana wenye pampu wanajua jinsi ukingo unavyoanguka na mota juu yake. Wapokomo waliokuwa wakilima mpunga kwa maji ya mafuriko yaliyotulia, na Waorma waliolisha ng'ombe kwenye nyasi zilizoachwa na mafuriko hayo, walizoea mto unaopanda na kushuka kwa majira. Siku hizi unakuja bila adabu: mwaka mzima ni mwembamba, kisha wiki mbili unachukua nyumba. Hilo ni somo la siku nyingine, na wenyewe wangelieleza kuliko mimi.

Turudi kwenye chupa, kwa ajili ya wenzangu wa Nairobi. Bado nyekundu, si ndiyo? Karibu asilimia 95 ya maji ya Nairobi yanatoka kwenye milima hii yenu. Mengi yake yanapita kituo cha kusafisha maji cha Ng'ethu. Mvua ikipiga usiku, mhudumu wa zamu anaona maji yanayoingia yamebadilika rangi. Ule mfinyanzi hautatua wenyewe, kwa hiyo lazima auwekee shabu, ile dawa inayozishikanisha chembe ziwe mabonge yenye uzito. Tope likizidi, shabu inazidi. Matangi ya kutulizia yanajaa uchafu, lazima yafunguliwe yaoshwe. Vichujio vya mchanga vinaziba, na kuviosha unatumia nini? Maji ambayo umekwisha yasafisha kwa gharama. Kituo kinazalisha kidogo siku ambayo mto umejaa pomoni. Ndiyo maana mtu wa Embakasi anasikia mvua ikigonga bati usiku kucha, asubuhi anafungua mfereji haupigi hata mluzi, na anamlipa mwenye mkokoteni kwa mtungi.

Huo ni uchafu wa kila mwaka. Kuna na siku ya ajali. Mwaka 2003 mvua kubwa ziliharibu njia ya kumwagia maji ya ziada katika bwawa la Sasumua, na Nairobi ikapoteza chanzo kikubwa cha maji kwa mvua iliyonyesha. Mwaka 2017 ikawa kinyume: Ndakaini lilishuka, jiji likawekwa kwenye mgao. Miji mikubwa inayotegemea mito michache na mabwawa machache haina pa kujificha, mvua ikizidi au ikipungua.

Sasa udongo huo unatoka wapi? Wakubwa wengi wakija hapa hunyoosha kidole kwa mkulima. Mkulima analima mteremko, mkulima analima hadi mtoni. Kuna ukweli. Nduma tulizokula asubuhi zimepandwa ukingoni, na sheria ya kutolima ukingoni mnaijua. Bei ya kahawa ilipoanguka, watu waling'oa mikahawa wakapanda mahindi, na mahindi yanaacha ardhi wazi wakati hasa mvua inapoanza. Lakini tembea na mvua, uangalie maji yanatoka wapi. Utakuta barabara. Barabara ya murram iliyochongwa na greda, haina mtaro wa kutawanyia maji, inakusanya mvua ya kilima kizima, inaifikisha kwenye kalvati moja, na kalvati inaitapika kwenye shamba la mama mmoja. Baada ya misimu michache pale kuna korongo. Mama huyo anaandikwa kwenye ripoti kama mharibifu wa mazingira.

Na tukizungumza matuta hapa Murang'a, tuzungumze kwa heshima. Mwaka 1947 watu wa hapa, wanawake wakiwa mbele, waligoma kuchimba matuta ya mkoloni. Hawakugoma kwa sababu walichukia udongo wao. Waligoma kwa sababu ilikuwa kazi ya lazima, bila malipo, chini ya machifu. Uchungu ule ulifanya matuta mengi yaachwe. Leo matuta ya fanya juu, yale ya kurusha udongo upande wa juu wa mtaro, yanajulikana duniani kote kwa jina hilo hilo la Kiswahili, wageni wanalitamka hivyo hivyo kwenye vitabu vyao, na bado kuna wazee hapa ambao ukilitaja wanakunja uso. Nawaelewa. Mpango wowote unaomtaka mtu wa juu afanye kazi ya bure ili mtu wa chini apate umeme na maji, ni ule ule wa 1947 umevaa koti jipya.

Kwa hiyo nazungumza pesa. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika. Hesabu yake ilikuwa kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye matuta, majani ya nepia, miti na vidimbwi vya kuvuna maji zitarudisha dola milioni 21.5 kwa miaka thelathini, sehemu kubwa ikiwa ni mavuno ya wakulima wenyewe, umeme na nafuu kwenye kusafisha maji. Waliopata karatasi za plastiki za kutandika vidimbwini wapo humu ndani. Ni kazi nzuri. Lakini mfuko wa wafadhili ni hisani, na hisani ina mwisho wake.

Fungueni ujumbe wa tokeni ya umeme mliyonunua juzi, muulize mchanganuo wa makato. Kuna mstari umeandikwa WRA. Hiyo ni ada ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayokatwa kwa ajili ya maji yanayozalisha umeme. Ni senti chache, lakini inalipwa na kila nyumba yenye taa, kutoka Lamu hadi Busia. Mimi nataka kila chama cha watumia maji kilichopo hapa kiandike barua, kiulize ni kiasi gani cha mstari huo kimerudi kwenye mto wake mwaka jana, na kimefanya kazi gani. Msiulize kwa ugomvi. Ulizeni kama wenye duka wanaouliza hesabu.

Nataka pia tope la Masinga na Kamburu lipimwe kila baada ya miaka mitano, na matokeo yatangazwe redioni kama kina cha maji kinavyotangazwa. Vifaa vipo, ni mashua yenye kipimo cha mawimbi ya sauti na wiki chache za kazi. Watu wanazungumzia High Grand Falls kwa miaka mingi sasa, bwawa kubwa kuliko Masinga, chini ya Kiambere. Kabla hatujajenga ghala jipya kwenye mto ule ule, tuambiwe la zamani limebaki na ukubwa gani. Bwawa hilo likijengwa, litapokea Mutonga na Kathita, pamoja na tope la mito hiyo.

Kwa barabara, ombi ni dogo zaidi na liko mikononi mwa kaunti. Greda isishuke kilimani kabla ya mchoro wa mitaro kuonyeshwa kwa wenye mashamba ya chini yake, na mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho kabla mvua moja haijapita juu ya kazi yake. Mhandisi wa barabara atasema inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha.

Na onyo la mafuriko lifike Garissa na Tana River kwa Kisomali, Kiorma na Kipokomo, likiwa na siku na kina, maana maji yakipita Kiambere bado yana safari ndefu mbele yake na muda huo ni wa kuokoa mbuzi na mota za pampu. Tangazo la Kiingereza kwenye mtandao saa nne usiku si onyo.

Mwenyekiti, nimekwisha. Mkono wa yule mama pale nyuma umekuwa juu tangu nilipotaja kalvati, na nadhani ndiye aanze.